Amri Kumi na Mbili za Kiswahili kwa Roboti ya Kuchezea

Kadi ya maelekezo iliyokuja na roboti ilikuwa na amri 24, zote kwa Kiingereza, na chini kabisa, kwa maandishi madogo kuliko mengine yote, palikuwa na sentensi moja iliyonifanya niinunue: mtumiaji anaweza kurekodi maneno yake mwenyewe, hadi 12, katika lugha yoyote. Nilidhani kazi hiyo ingechukua jioni moja. Ilichukua takriban wiki sita, na sehemu kubwa ya wiki hizo haikwenda kwenye waya, betri wala programu. Ilikwenda kwenye kujadiliana ni maneno gani ya Kiswahili yanayofaa kupewa mashine yenye kimo cha sentimita 30, magurudumu mawili, mikono inayopanda na kushuka, na maikrofoni moja iliyofichwa kifuani.

Nianze na maandalizi, kwa kuwa huko ndiko wengi hukwama na kuirudisha roboti kwenye sanduku lake kabla haijatii neno hata moja. Betri yake ni ya lithiamu, ya seli moja, ambayo kwenye kibandiko huandikwa volti 3.7 na ikijaa hufika volti 4.2. Niliichaji mpaka taa ikabadilika rangi kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, na hadi leo tunaichaji sakafuni, mbali na mito na mablanketi, mtu mzima akiwa macho. Betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena, hata kama roboti bado inatembea.

Kisha ikaja ruta, na jioni yangu ya kwanza ikaishia hapo. Roboti ilikataa katakata kuuona mtandao wa nyumbani, ingawa simu yangu, niliyoishika karibu kabisa na kichwa chake, iliuona bila shida. Nilizima, nikawasha, nikafuta programu na kuiweka upya. Kumbe ruta nyingi za siku hizi hurusha mtandao katika masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, mara nyingi kwa jina moja, ilhali chipu ndogo zinazowekwa kwenye vitu vya kuchezea aghalabu huyajua masafa ya 2.4 peke yake. Simu ilikuwa imeshika yale ya 5. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta, nikayatenganisha masafa hayo kwa kuyapa majina mawili, nikaihamishia simu kwenye yale ya 2.4, na roboti ikaunganika kwa jaribio la kwanza. Programu ya simu iliomba pia ruhusa ya kujua mahali nilipo, jambo lililonishtua, mpaka nilipokumbuka kwamba simu za Android kabla ya toleo la 12 zililazimika kuomba ruhusa hiyo ili kutafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo karibu. Iliomba na orodha ya watu waliomo kwenye simu. Hiyo niliinyima, na hakuna kilichoharibika.

Kabla ya kuchagua maneno ilinibidi nielewe roboti inasikia nini hasa, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji. Maikrofoni hupima msukumo wa hewa mara 16,000 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango kilichozoeleka katika utambuzi wa usemi. Mfululizo huo wa namba hukatwa vipande vifupi, kwa kawaida vya milisekunde 25, kila kimoja kikianza milisekunde 10 baada ya kilichotangulia, na ndani ya kila kipande mashine huangalia nguvu ya sauti imegawanyika vipi kati ya masafa ya chini na ya juu. Inachopata mwishoni ni kama picha ya nguvu zinazopanda na kushuka, na picha hiyo hulinganishwa na zile ilizohifadhi. Kila neno lililohifadhiwa hupewa alama ya kufanana. Lenye alama ya juu kuliko yote hushinda, mradi alama hiyo imevuka kizingiti kilichowekwa. Isipovuka, roboti hukaa kimya. Maana haiingii popote katika safari hiyo, na roboti haijui kwamba mbele ni kinyume cha nyuma.

Kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1920 kuliuzwa huko Marekani mbwa mdogo wa seluloidi aliyeitwa Radio Rex, ambaye alizuiwa ndani ya kibanda chake na sumaku-umeme huku springi ikimsukuma nje. Ukimwita kwa jina, nguvu ya irabu iliyomo katika neno Rex, ambayo kwa sauti ya mtu mzima hukusanyika karibu na hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, ilitikisa kipande cha chuma, mkondo wa umeme ukakatika kwa nukta moja, sumaku ikaachia, na mbwa akachomoka. Angechomoka vilevile kwa neno lolote lenye nguvu ya kutosha katika masafa hayo. Mwaka 1962 kampuni ya IBM ilionyesha mashine iliyoitwa Shoebox, iliyotambua maneno 16: tarakimu kumi na maneno sita ya hesabu. Kwa kipimo hicho, nafasi zetu 12 hazikuwa haba.

Amri zote hutanguliwa na jina. Roboti ikilisikia jina lake, taa ya kifuani huwaka rangi ya buluu, hutoa mlio mfupi, na kwa sekunde tatu husubiri kutumwa. Binti yangu wa miaka 8 aliipa jina la Toto, na sisi wengine tukakubali bila kufikiri. Haikupita siku moja kabla hatujajuta. Nyumba yenye watoto huwataja watoto mchana kutwa: mtoto amelala, watoto wamerudi, acha mambo ya kitoto, na kila mara taa iliwaka. Silabi mbili pacha zenye irabu ile ile hazina mengi ya kuzitambulisha, na zaidi ya hapo Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno na kuuacha mwisho wake ulivyo, kiasi kwamba jina linalofanana na shina la neno la kila siku litajitokeza ndani ya mtoto, watoto, kitoto na utoto, na mashine isiyojua viambishi haina namna ya kulikwepa.

Tulihitaji jina la silabi tatu au nne, lenye irabu zisizofanana, na lisilotajwa ovyo nyumbani. Kiswahili kina irabu tano tu, nazo zimeachana vizuri. Zilizo mbali zaidi kinywani ni i, a na u, na irabu ndizo zinazobeba nguvu ya neno linapovuka chumba. Neno kifaru lina zote tatu. Aliyelipendekeza ni kijana wangu wa miaka 13, kwa sababu zake mwenyewe zisizohusiana kabisa na fonetiki. Jina hilo limetufaa tangu siku hiyo, ukiacha jioni moja ambapo dada yake alisoma kwa sauti somo la wanyama wa porini na roboti ikaitika mara saba.

Hata hivyo, amri ziliendelea kupotea. Tulisema "Kifaru mbele!" na roboti ikawasha taa, ikabaki papo hapo. Watoto wakazidi kupaza sauti, nami nikaanza kushuku maikrofoni. Aliyeliona tatizo ni mama yangu, bibi yao, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa akitutazama kutoka kwenye kiti chake bila kutia neno.

"Mwanangu," aliniambia, "mnamwita na kumtuma kwa pumzi moja. Mtu ukimwita, humsubiri aitike?"

Kisha akaigeukia roboti, akasema, "Kifaru." Akanyamaza mpaka taa ikawaka na mlio ukaisha. "Mbele." Ikaenda.

Sababu yake ni ya kiufundi tupu: mlio ule hutoka kwenye spika iliyo sentimita chache tu kutoka kwenye maikrofoni, na chochote kinachosemwa wakati huo humezwa. Nilikuwa nimezisoma kurasa zote za maelekezo na sikuliona, kwa kuwa akilini mwangu roboti ilikuwa kitufe kinachobonyezwa kwa sauti. Yeye aliichukulia kama mtu anayeitwa. Kuita, kuitika, kutuma: utaratibu huo anaujua kila aliyewahi kuwa mtoto, na tangu tulipoufuata, nusu ya malalamiko yetu iliisha bila kugusa mpangilio wowote. Tangu siku hiyo pia watoto humtaja Kifaru kwa "huyu" na "amechoka", nami naendelea na "hii" na "imechoka", na mabishano hayo ya ngeli hayana dalili ya kwisha.

Nusu nyingine ya malalamiko ilikuwa kwenye maneno yenyewe. Orodha yangu ya kwanza niliiandika kama mwalimu wa sarufi: nenda mbele, rudi nyuma, geuka kulia, geuka kushoto, simama, tulia, inama, na kadhalika. Ilikuwa Kiswahili safi na ilikuwa mbovu. Roboti hurekodi kila amri kwa sekunde moja na nusu, na mama yangu, asemaye kwa utulivu, alipotamka "geuka kushoto" rekodi ilikatika kabla hajaimaliza. Kwa watoto wenye ulimi mwepesi maneno yalienea, lakini likazuka tatizo jingine: amri zile mbili zilikuwa na nusu ya kwanza inayofanana kabisa, hivyo tofauti yote ikabaki mwishoni, na alama za kufanana zikakaribiana mno. Tukayaondoa maneno ya kitenzi, yakabaki mbele, nyuma, kulia na kushoto. Amri ikawa fupi, na kila moja ikawa na sura yake tangu silabi ya kwanza au ya pili.

Ndipo kulia na tulia zikagongana. Mtu akiyasema maneno hayo mawili ana kwa ana na mwenzake, hakuna anayeyachanganya, kwa sababu maana na hali hutusaidia. Kwa mashine, tofauti yote iko katika konsonanti moja ya mwanzo, kishindo kifupi cha sehemu ndogo ya sekunde ambacho mita tatu tu za chumba chenye mwangwi zinatosha kukifuta. Ukiiambia roboti itulie, hugeuka kulia. Simama na inama zilikuwa jozi nyingine ya hatari, maana ukiiondoa s, vinavyobaki ni irabu zile zile na sauti za puani ambazo hata sikio la binadamu huzichanganya kwenye simu mbovu. Roboti iliyoamriwa isimame ilikuwa ikiinamisha kichwa kwa heshima huku ikiendelea na safari yake. Tulia tukaibadilisha kuwa nyamaza, na inama ikawa salimu. Tukio hilo lilinifundisha kuyasoma maneno kwa wima, moja juu ya jingine, nikitafuta yanayoishia sawa, na namshauri yeyote anayeanza afanye hivyo kabla ya kurekodi lolote.

Kukanusha ni mtego wa aina yake. Wakati orodha ya kwanza ilikuwa bado inatumika, binti yangu alimwona Kifaru akikaribia bakuli la maji na akasema, kwa Kiswahili kisicho na dosari, "Usiende!" Roboti ikaenda. Ndani ya usiende mna sehemu kubwa ya nenda, na kile kiambishi usi-, ambacho kwetu hugeuza sentensi yote, kwake ni kelele kidogo kabla ya neno inalolijua. Sheria ya nyumbani ikawa kwamba Kifaru haikatazwi. Hupewa amri nyingine. Kwa upande mwingine, upofu huo huo wa viambishi umetusaidia mara moja: amri ya nifuate, inayoifanya roboti imfuate mtu aliye mbele yake, huitika pia rafiki wa binti yangu anapokuja na wote wawili wakasema "tufuate". Hiyo tufuate hatukuirekodi kamwe.

Orodha iliyosalia ni hii: amka, lala, mbele, nyuma, kulia, kushoto, simama, nyamaza, cheza, salimu, zunguka, nifuate. Amka ilichukua nafasi ya matumizi ya pili ya simama, kwa kuwa kadi ya kiwandani ilitenganisha kuinuka na kusitisha mwendo, mambo ambayo Kiswahili huyaweka katika neno moja.

Kurekodi kwenyewe kulikuwa kwa kuchosha: watu wanne, maneno 12, sampuli tatu kwa kila neno, jumla rekodi 144. Nilifanya kosa la kurekodi zangu kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, nikiwa nimesimama wima, mdomo karibu na kifua cha roboti. Baadaye nilipoketi na kusema kwa sauti yangu ya kawaida haikunijua. Sampuli nzuri hurekodiwa mahali utakaposimama, kwa namna utakavyosema, na inafaa mojawapo ya zile tatu isemwe ukiwa umechoka au unacheka. Binti yangu alizirekodi zake baada ya kukimbia, akihema, na hadi leo ndiye anayetiiwa kuliko sote.

Kila mtu alihitaji seti yake mwenyewe, na hili si suala la lafudhi peke yake. Mkondo wa sauti wa mwanamume mzima, kuanzia kwenye nyuzi za sauti hadi midomoni, una urefu wa karibu sentimita 17; wa mtoto ni mfupi zaidi, na kama filimbi fupi inavyotoa mlio wa juu kuliko ndefu, irabu ile ile a ikitoka kinywani mwa mtoto nguvu zake hukusanyika juu zaidi kuliko ikitoka kwangu. Masikio yetu hufanya marekebisho hayo bila sisi kujua. Chipu inayolinganisha picha na picha haiyafanyi, na mashine kubwa zinazoyafanya vizuri zimelishwa sauti za maelfu ya watu. Kwa Kiswahili mkusanyiko wa namna hiyo upo: mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na shirika la Mozilla mwaka 2017, hukusanya sauti za kujitolea katika lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Anayejenga roboti yake mwenyewe kwa kompyuta ndogo kama Raspberry Pi anaweza kutumia mifumo iliyofunzwa hivyo na kusema sentensi nzima. Sisi tulikuwa na chipu, nafasi 12, na subira.

Chumba nacho ni sehemu ya roboti, ingawa hakiuzwi nayo. Sauti inayokwenda moja kwa moja kutoka kwa msemaji hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidishwa maradufu, wakati mwangwi wa kuta na sakafu tupu hubaki karibu vile vile chumba kizima; hivyo ukiwa mita nne, roboti husikia chumba kuliko inavyokusikia wewe. Tuliihamishia sebuleni kwenye mapazia na zulia, tukazima feni wakati wa mchezo, na tukakubaliana kuwa mita mbili ndiyo mipaka ya amri. Televisheni ikiwaka hatujisumbui.

Ila kelele mbaya kuliko zote roboti huibeba yenyewe. Mota zake ziko chini ya kifua kile kile chenye maikrofoni, na zinapozunguka, mtetemo hupanda moja kwa moja kwenye plastiki. Kifaru iliyosimama husikia vizuri, na Kifaru inayotembea ni kiziwi. Tafakari maana yake: amri iliyo muhimu kuliko nyingine, simama, hutolewa wakati pekee ambapo roboti haisikii. Kwa wiki mbili nilidhani neno hilo lina kasoro, nikalirekodi upya mara tano, kabla sijaweka sikio langu juu ya kichwa chake kikiwa mwendoni na kusikia mngurumo uliofunika kila kitu.

Dawa haikuwa kwenye sauti. Programu ya simu ina sehemu ya kupanga hatua kwa vipande vya rangi vinavyounganishwa kama matofali, na humo kijana wangu aliivunja amri ya mbele kuwa hatua fupi fupi: tembea sekunde moja na nusu, tulia nusu sekunde usikilize, kisha endelea. Mwendo wake sasa unafanana na wa mtu anayenyemelea, na watoto wanaona ni bora hivyo. Katika zile nusu sekunde roboti hupokea amri ya kusimama bila kuitwa jina kwanza.

Jambo la pili tulijifunza pale Kifaru ilipokuwa ikielekea kwenye ngazi. Binti yangu ndiye aliyekuwa karibu. Hakusema simama. Alipiga kelele, "Weee!" na kuidaka kwa mkono. Nilipomuuliza kwa nini hakutumia neno tulilokubaliana, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi na kusema, "Baba, nilisahau, nilikuwa naogopa." Hana kosa. Neno la kusimamisha mashine halina budi kuwa lile ambalo mdomo hulitoa wenyewe kwa hofu, na mdomo wenye hofu hausemi simama. Tulirekodi "we!" kama sampuli ya ziada ya amri hiyo hiyo, kila mtu kwa sauti yake ya kushtuka, na nikakishusha kizingiti cha simama chini kabisa kuliko vya amri nyingine. Matokeo yake ni kwamba roboti husimama mara nyingi bila sababu, mtu akikohoa au mlango ukigonga. Sijali. Roboti inayosimama kwa makosa haimdhuru yeyote. Inayoondoka kwa makosa huweza kuanguka ngazini, na kwa hiyo vizingiti vya mbele na nyuma nimevipandisha juu, hata ikibidi kurudia amri mara mbili. Maelekezo ya kiwandani hupendekeza kizingiti kimoja kwa maneno yote, na nadhani aliyeyaandika hakuwa na ngazi.

Hata hivyo sauti isiwe breki pekee. Kifaru ina kihisi cha mbele kinachorusha mlio wa kilohezi 40, usiosikika na binadamu, na kupima muda unaochukua kurudi. Kwa kuwa sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde katika hewa ya kawaida ya chumba, roboti hujua ukuta uko umbali gani. Kihisi hicho huona ukuta na miguu ya meza vizuri, lakini pazia nene huumeza ule mlio, na kwa roboti pazia ni njia iliyo wazi. Chini yake kuna vihisi vya kutambua ukingo, vinavyorusha mwanga usioonekana na kungoja uakisike kutoka sakafuni. Zulia jeusi haliakisi, kwa hiyo Kifaru huliona kama korongo na kukataa kulikanyaga. Tuliligeuza hilo kuwa faida: kipande cha zulia jeusi kiko juu ya ngazi.

Kulikuwa na kipindi ambapo amri ya cheza iliizima roboti kabisa, kisha ikajiwasha na kusalimu upya kana kwamba hatujawahi kuonana. Watoto walisema amekasirika. Ilitokea jioni tu, kamwe si asubuhi, na hapo ndipo fumbo lilipofumbuka: katika kucheza, magurudumu, mikono na spika hufanya kazi kwa pamoja, na mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko inapokwisha kushika mwendo. Betri iliyokaribia kwisha volti zake huporomoka ghafla kwa mzigo huo, na chipu huzimika. Chaji ikishuka chini ya robo, hatuiambii icheze.

Baada ya hayo yote nilifanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza: nilizima ruta. Amri zetu 12 ziliendelea kutiiwa, dalili kwamba zinatambuliwa ndani ya roboti yenyewe. Sehemu ya maswali na majibu, ambayo watoto walikuwa wakiiuliza mambo ya sayari na dinosaria, ilinyamaza mara moja. Maana yake, kila swali lao lilikuwa likipelekwa kwenye seva mahali fulani, na sauti zao zikienda nalo. Nilikumbuka kwamba Februari 2017 mamlaka ya mitandao ya Ujerumani ilimpiga marufuku mwanasesere aitwaye My Friend Cayla, ikimhesabu kuwa kifaa cha kusikiliza kwa siri, kwa kuwa simu yoyote iliyo karibu iliweza kuunganika naye kwa Bluetooth bila kuulizwa neno la siri. Na mwaka 2019 roboti za mezani za Jibo, zilizoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2017, ziliwatangazia zenyewe wamiliki wao kwamba seva zao zitazimwa. Uwezo unaoishi kwenye seva ya mwingine umekopeshwa tu. Nimeizima sehemu ya maswali, ruta haimjui tena Kifaru, na maswali ya dinosaria yamerudi kwangu, ambako hayapati majibu ya haraka hivyo.

Miezi minane imepita. Wiki iliyopita kijana wangu alilalamika kwamba Kifaru imeanza kumpuuza: haiitiki jina, na ikiitika haitii amri. Nilisafisha tundu la maikrofoni, nikachaji betri, nikapima kila kitu ninachokijua, nayo ikanitii mimi, dada yake na bibi yake bila tabu. Bibi yake ndiye aliyecheka kwanza. Sauti ya mjukuu wake imevunjika. Imekuwa nzito katika miezi hii michache, nasi tunaomsikia kila siku hatukuona ilipobadilika, lakini chipu bado inamngoja mtoto wa mwaka jana. Tulizifuta sampuli zake 36 na kuanza upya, chumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa kwa ombi lake. Katika sampuli ya tatu ya neno zunguka, sauti ilipanda ghafla ikawa nyembamba kama zamani, taa ikawaka nyekundu, na roboti ikamtaka arudie.